Kati ya Nyumba Mbili

Aksil alikufa kwenye theluji, siku ileile shule ilipofungwa kwa likizo ya baridi, kati ya nyumba mbili ambazo kila moja ilidhani yuko kwa mwenzake. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Baba yake ni Lunas, kaka yangu. Mimi ndiye niliyemkuta asubuhi yake, pale kwenye kona ya mwaloni, ameketi na begi mgongoni kama mtu anayengoja gari.

Watu wa mjini huniuliza kama hatukuwa na simu. Tulikuwa nazo. Ya kaka yangu ilikuwa juu ya rafu ya sahani, imejaa chaji. Ya Muhub, mwenye ile nyumba ya pili, ilikuwa mfukoni mwake. Hakuna aliyepiga.

Sisi wa Tighilt tunakaa juu mlimani. Shule ya kati iko chini, Aguni, na kwa miguu ya mtoto kupanda ni saa moja na nusu hali ya hewa ikiwa nzuri. Theluji ikifunga barabara, watoto wetu hawapandi. Wanalala kwa watu wa Aguni. Kila mtoto wa juu ana nyumba yake ya theluji, anayopangiwa tangu mwaka wa kwanza, na familia hizo mbili zinakuwa kitu kimoja. Wa chini anatoa godoro na chakula cha jioni. Wa juu anashuka wakati wa likizo ya baridi na nyavu na fito, mke na watoto wote, kumchumia mwenzake zeituni. Hakuna karatasi wala malipo. Mtoto akivuka kizingiti yuko kwenye laanaya, dhamana ya mwenye nyumba, na dhamana ya mwenye nyumba ndiyo uso wake. Ukimpigia simu kumuuliza kama mwanao yuko salama, umemtemea mate.

Siku ile Aksil alikuwa amepata matokeo mazuri ya muhula, akataka baba yake ayaone siku hiyohiyo. Alipita nyumba yake ya theluji, kwa Dda Muhub, akamwambia mke wa Muhub, Nna Wardia (Dda na Nna ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu kwa heshima), kwamba baba anamngoja barabarani. Uongo wa mtoto. Nna Wardia akamjaza tini kavu mifukoni, akamwacha aende. Jioni, huku juu, mama yake, Malha, alimwambia mumewe apige simu. Lunas akasema, "Nimpigie nimwambie nini? Kwamba siiamini nyumba yake?" Na kule chini Nna Wardia alimwambia mumewe maneno yaleyale. Muhub akasema, "Nikiuliza kama amefika, nimekiri kwamba mgeni wangu alitoka mlangoni kwangu theluji ikianguka." Wakalala. Haya tuliyajua baadaye, wanawake hao wawili walipokaa pamoja makaburini na kuambiana.

Baraza la kijiji lilikutana. Wazee wakasema imeandikwa, hakuna wa kudaiwa. Lunas hakudai kitu. Ila hakushuka kuchuma zeituni za Muhub, na Muhub hakutafuta mtu mwingine wa kuzichuma. Zilianguka zenyewe, zikalala juu ya theluji, nyeusi juu ya nyeupe, hadi ndege wakachoka kuzila.

Tangu hapo kona ya mwaloni haikuwa kona tena. Barabara inapinda pale, juu kidogo ya Aguni, mti uko upande wa bonde, na watu wa Tighilt wakifika hapo wanasema bismillahi na kugeuza uso upande wa mlima. Mbuzi wanapita wakikimbia. Watoto, wakipanda kwa mstari, walikuwa wanaacha nafasi ya mtu mmoja katikati ya mstari. Siku moja niliwauliza mapacha wa Akli jirani yetu kwa nini wanatembea mbalimbali hivyo.

"Hatutembei mbalimbali," alisema mmoja. "Hapo kuna mtu."

"Usiikanyage, ami Mezyan," mwenzake akaniambia. "Ndiyo nafasi yake."

Niliwaambia waache upuuzi. Lakini sikuikanyaga.

Mimi kazi yangu ni kubeba mitungi ya gesi kwa trekta kwenye vijiji vya juu na chini, kwa hiyo naingia kila nyumba. Kwa Dda Muhub niliingia mwezi wa pili, theluji ikiwa bado ipo. Komeo la mlango lilikuwa limeng'olewa, matundu ya misumari yanaonekana. Nikamuuliza Nna Wardia nani kalivunja.

"Nimeling'oa mimi."

"Kwa nini?"

"Nani atawahi kufungua, mimi na magoti haya? Akigonga asukume tu aingie."

"Nani anayegonga, Nna Wardia?"

Alinimiminia kahawa. Nilikuwa sijafika nusu ya kikombe mlango ukagongwa. Mara tatu, chini kidogo, pale anapogonga mtu mfupi. Nna Wardia hakushtuka. Alinitazama tu, kutaka kuona uso wangu. Nikaenda, nikafungua. Ua ulikuwa mtupu, theluji haina alama isipokuwa zangu. Nikarudi, nikasema ni upepo. Akasema, "Ndiyo, mwanangu. Upepo." Nikamaliza kahawa kwa mkupuo mmoja, nikarudi kwenye trekta.

Mwezi wa tisa dada yake Aksil, Dihia, alianza shule ya kati. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, mkaidi, na alikuwa anasoma kuliko watu wote waliowahi kutoka kwetu. Hadi mwisho wa vuli barabara ilikuwa nzuri, hapakuwa na shida. Shida ilianza mwezi wa kumi na mbili, mwalimu mkuu, Bi Khelufi, alipowaita wazazi kabla ya mitihani kuisha, kupanga nyumba za theluji. Nilikwenda na Lunas kwa sababu hakutaka kwenda peke yake.

Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Bi Khelufi ni mtu wa mjini, ana moyo mzuri, anasema sana.

"Shule peke yake haiwezi," alisema. "Wazazi peke yao hawawezi. Lazima tuwe washirika."

"Tuanze ushirika kwenye mafuta ya jiko, Bi Mkuu," alisema Akli. "Darasa la wanangu lina baridi mpaka ubao unaomba koti."

Watu wakacheka. Bi Khelufi akacheka pia, akaahidi mafuta, kisha akaanza kutaja watoto wa juu mmojammoja. Kila akitaja, mtu wa Aguni anainua mkono. Mapacha wa Akli wakapata nyumba. Yatima wa kijiji cha Tala akapata nyumba. Kisha akasema, "Dihia, binti wa Lunas."

Hakuna aliyeinua mkono. Mtu mmoja alisema mama yake mgonjwa. Mwingine akasema ana mabinti wanne chumba kimoja. Bi Khelufi akataja jina tena, kwa sauti ya upole zaidi, kana kwamba hawakusikia. Lunas alikuwa anaangalia mikono yake.

Mjane mmoja wa Aguni, Saadia, mwanamke asiyeficha kitu, akasema, "Msizungukezunguke. Mtoto hana kosa. Hamumtaki kwa sababu akija, haji peke yake."

"Saadia, mwogope Mungu," mtu akamwambia.

"Namwogopa. Ndiyo maana nasema kweli. Mimi mwenyewe simchukui."

Hapo akasimama mtu wa nyuma kabisa, karibu na mlango. Alikuwa Dda Muhub. Alikuwa amevaa burnusi yake nyeupe, joho la sufi analovaa kama mkuu wa baraza la Aguni. Mwaka mmoja ulikuwa umemla, shingo imebaki kama kamba.

"Kitanda kipo," alisema. Basi.

Lunas akainuka, akavaa kofia yake, akatoka bila kumtazama. Nikamfuata uani.

"Ataacha shule," aliniambia. "Atakaa na mama yake."

"Kwa hiyo unamzika na huyu."

"Chunga mdomo wako. Wewe uliacha darasa la nne. Umekufa?"

"Sijafa. Nabeba mitungi ya gesi, na kwa mgongo huu, hata kuvaa viatu namuita mke wangu. Ndicho unachomtakia binti yako?"

Alikuwa analia, lakini kwa upande wa mlima, kama mtu anayepita kona. Mwishowe tulikubaliana hivi: imebaki wiki moja tu kabla ya likizo. Nitamleta na kumchukua Dihia mimi mwenyewe kwa trekta, kila siku, nimngoje getini. Baada ya likizo tutaona. Kama hapatakuwa na nyumba, ndiyo mwisho wa shule. Nyumbani Malha alisikiliza yote hayo akiwa anakanda unga, akasema tu, "Ilimradi mtu mmoja ajue yuko wapi. Mtu mmoja tu. Sitaki zaidi."

Kwenye trekta Dihia alikuwa anakaa nyuma yangu juu ya gunia, ameshika kiti.

"Ami," aliniambia siku ya pili. "Kweli Aksil anagonga kwa Nna Wardia?"

"Nani kakwambia?"

"Shule nzima. Wanasema ameng'oa komeo ili aingie."

"Nna Wardia mzee. Masikio yanamchezea."

"Wewe hujasikia?"

"Sijasikia."

Akasema, "Ami, ukisema uongo sikio lako linakuwa jekundu. Mama ndiye kaniambia, nami naliona hapa nyuma."

"Ni baridi hiyo."

"Sitaki kukaa naye," alisema. "Nataka nimsikie mara moja tu. Aliondoka asubuhi mimi nimelala."

Niliongeza mwendo ili injini ipige kelele. Tulipofika kona ya mwaloni niligeuza uso upande wa mlima. Sijui yeye aligeuza wapi.

Siku ya mwisho ya shule theluji ilianza kabla ya saa nne asubuhi. Bi Khelufi akaona bora awaruhusu watoto mapema, kila mmoja aende nyumba yake ya theluji au na mzazi aliyekuja. Wazo zuri. Akawapigia wazazi simu. Mimi nilikuwa kijiji cha pili, nyuma ya mlima, nafunga minyororo kwenye magurudumu, na huko simu haishiki. Lunas alipigiwa, akasema, "Mezyan atamchukua," kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana.

Nilifika getini saa kumi kasoro robo. Bawabu alikuwa anajifunika na gunia.

"Wameshaondoka wote," alisema. "Tangu mchana."

"Na Dihia wa Lunas?"

"Nilimwona na watoto wa Akli. Akli mwenyewe alikuja kuwachukua, kasema anapanda nao kwa miguu."

Akli ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Nilishukuru Mungu, nikapanda. Theluji ilikuwa nene, nikaenda kwa gia ya kwanza, taa zimewashwa. Kwenye kona ya mwaloni nikasema bismillahi, nikageuza uso upande wa mlima, nikapita.

Nilipofika Tighilt giza lilikuwa limeanza. Lunas alitoka mlangoni, akatazama nyuma yangu kwenye gunia.

"Mtoto yuko wapi?"

"Si kaja na Akli?"

Malha alikuwa nyuma yake. Sikuwahi kuona uso ukibadilika kwa haraka namna ile. Alitupita sote wawili, akaenda kugonga kwa Akli kwa ngumi mbili. Mapacha wakatoka na vipande vya mkate midomoni.

"Dihia alikuwa nasi," alisema mmoja.

"Alikuwa nyuma yetu, baada ya nafasi," mwenzake akasema. "Tulipofika kwa Dda Muhub akasema nyie nendeni, mimi naingia hapa."

"Nilimwona akiingia getini kwa Muhub, wallahi," alisema Akli, akiwa anafunga kanzu. "Nikasema basi, Lunas kaamua kukubali. Nikafurahi hata."

Tukarudi kwa kaka yangu. Lunas akaketi kwenye kigoda karibu na jiko. Alivuta pumzi ndefu.

"Kama yuko kwa Muhub, yuko kwenye dhamana ya Muhub," alisema.

"Piga simu," alisema Malha.

"Ameingia mwenyewe, mtu kamwona. Kesho asubuhi nitashuka."

"Lunas, piga simu."

"Unataka nimwambie mtu wa miaka sabini kwamba—"

"Nataka umpigie."

Kaka yangu alikuwa amemchukia Muhub mwaka mzima. Alikuwa anabadilisha njia sokoni asikutane naye. Lakini kumtusi hakuwa tayari. Alikaa pale, simu juu ya rafu, mikono katikati ya magoti. Nikaielewa hali yake, kwa sababu hata mimi mkono wangu ulikuwa mzito. Tumezaliwa hivyo. Malha aliichukua simu ya mumewe kwenye rafu, akanishikisha, akakunja vidole vyangu juu yake.

Nikapiga.

"Dda Muhub, ni Mezyan."

"Mezyan. Gesi bado ninayo."

"Sipigi kwa ajili ya gesi. Dihia yuko kwako?"

Sauti yake ikaja, ya baraza, iliyonyooka. "Yuko hapa. Yuko kwenye dhamana yangu. Mwambie kaka yako alale."

Lunas akainua mkono. "Umesikia. Kata."

"Dda Muhub, mpe simu nimsikie."

"Umesemaje?"

"Mpe simu. Nisikie sauti yake."

"Mimi nimekuwa mkuu wa baraza wewe ukifukuza kuku. Nimerudi kutoka kwenye kinu cha mafuta sasa hivi, nimekuta begi lake hapa mlangoni. Nimekwambia yuko hapa. Huliamini neno langu?"

"Hapana," nikasema.

Lunas aliinuka kwenye kigoda kama mtu aliyepigwa kofi. Muhub akaita, mbali na simu, "Wardia. Mlete mtoto."

Nikasikia ndara zikija. Nikasikia sauti ya Nna Wardia, yenye usingizi ndani yake: "Mtoto gani? Baba yake si kashamchukua?"

Simu ilikuwa na sauti kubwa. Malha alisikia, na Lunas alisikia. Mimi na Malha tukamtazama Lunas. Viatu vyake vilikuwa kando ya jiko, vikavu tangu asubuhi.

Nna Wardia alishika simu mwenyewe. Alinieleza kwa haraka, kama mtu anayesoma sura kabla haijamtoka. Mtoto alikuja mchana, akanywa maziwa, akala mkate na mafuta. Akakaa karibu na mlango, hakutaka kukaa penye moto. Baada ya alasiri mlango ukagongwa.

"Nikasema ni Lunas," alisema. "Nikasema hatimaye kaja kwenye nyumba hii. Sikuweza kumtazama usoni, mwanangu. Nikajifunika ushungi, nikageukia ukuta. Nikamwambia mtoto, fungua wewe. Akafungua. Akasema, 'Ndiyo, nakuja.' Akaenda."

"Alimwambia nani?"

"Sikutazama."

Malha alikuwa ameshatoka. Tulimkuta mbali barabarani, na taa ya mkononi, hana hata koti. Nikawasha trekta, nikampandisha, Lunas akasimama nyuma. Tulishuka tukiita. Theluji ilikuwa inakula sauti, ukiita jina linakudondokea miguuni. Lunas hakuwa anaita Dihia tu. Mara mbili nilimsikia anaita Aksil, na sidhani alijua.

Kwenye kona ya mwaloni kulikuwa na taa. Muhub alikuwa amepanda peke yake kwa miguu, na alikuwa amefika kabla yetu. Dihia alikuwa chini ya mti, upande wa bonde, amekaa. Mguu mmoja ulikuwa hauna kiatu, kimebaki ndani ya theluji mahali fulani. Muhub alikuwa amevua burnusi yake nyeupe na kumfunga nayo, na mguu ule ameuingiza ndani ya shati lake, kwenye tumbo tupu, ameukumbatia. Meno ya mzee yalikuwa yanagongana hata hawezi kusema. Dihia alikuwa hai.

Muhub alipotuona aliinuka polepole, akambeba, akamkabidhi Lunas kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha amana. Lunas akampokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyesema neno. Nilidhani watasema. Nilingoja kabisa, mkono kwenye usukani, huku mtoto anaganda. Kisha Muhub akageuka, akaanza kushuka, na shati lake limelowa.

Nilishuka naye Dihia hadi hospitali ya bondeni, Malha amempakata. Alikuwa anazungumza vizuri. Hilo ndilo lililoniogopesha, kwamba anazungumza vizuri.

"Nilifungua, hapakuwa na mtu," alisema. "Kulikuwa na nyayo, ami. Ndogo. Zinapanda. Nikasema nakuja."

"Ni za mapacha wa Akli."

Lakini mapacha walikuwa wamepita mchana, na theluji haikuacha kuanguka hata dakika moja tangu wapite.

"Zikaishia pale kwenye mti. Nikakaa kidogo nione zinaendelea wapi." Akaongeza, si kwa lawama, kama mtoto anavyokueleza kitu alichokiona: "Nilisikia trekta yako inapita. Nilikuita. Nilidhani utaangalia huku."

Malha aligeuza uso wake kwenye burnusi ile. Mimi nikaendesha.

Hii hapa hasara yake. Dihia alikatwa vidole vitatu vya mguu wa kushoto, na alikosa muhula mzima. Mwaka huu anarudia darasa na watoto wanaomfika begani. Nampeleka kwa trekta. Barabara ikifunga, haendi. Muhub alikwenda mwenyewe mbele ya baraza, akasema, "Nilisema yuko hapa, na hakuwepo," akajiuzulu ukuu wa baraza. Alifunga nyumba, akamchukua Nna Wardia, wakahamia kwa binti yao, mjini Bejaia. Zeituni zake mwaka wa pili zimeoza chini. Nyumba za theluji zimekwisha zote, si ya Dihia tu. Wa chini hawataki tena dhamana inayoweza kuulizwa kwa simu, na wa juu hawataki kuonekana wakiuliza. Bi Khelufi aliitisha kikao cha ushirika, wakaja watu sita. Tulikuwa na watoto kumi na mmoja shule ya kati. Sasa ni saba. Mapacha wa Akli wanachunga mbuzi.

Na Lunas hasemi nami. Si kwa sababu nilipita kona bila kuangalia. Hilo alinisamehe siku ileile hospitalini, alisema hata yeye asingeangalia. Ni kwa sababu ya lile "hapana" nililomwambia Muhub kwenye simu ya kaka yangu, yeye akiwa palepale. Nyumba zetu zina ukuta mmoja. Namsikia akikohoa asubuhi, naye bila shaka ananisikia.